Nyumba Niliyoitia Alama Nyekundu

Ninyi wa warsha ya Jumamosi mnanichekesha kweli. Mnafika hapa Gurei, pembeni ya Juba, na vikasha vya rangi vilivyopangwa vizuri, mnasimamisha stendi zenu, halafu hata kabla hamjauangalia mlima mnaniuliza, "Mzee Taban, brashi gani ndiyo nzuri?" Brashi nzuri ni ile iliyo mkononi mwako wakati mwanga unakimbia. Nimefanya kazi miaka mingi kwa brashi zilizofungwa kwa uzi wa kushonea viatu, na picha moja ninayojivunia maishani niliichora kwa brashi ya kupaka fremu za madirisha. Basi wekeni vikasha chini kidogo. Siku hizi mkono unanitetemeka na daktari amenikataza jua, kwa hiyo leo mtanisikiliza badala ya kunitazama.

Kwanza nijieleze, maana kuna wanaodhani nilizaliwa na kipaji. Mimi nilianza na theluji. Nililelewa Kenya, mtoto wa wakimbizi kutoka Juba, na kazi yangu ya kwanza Nairobi ilikuwa kuchora Mlima Kenya kwa ajili ya watalii. Tulikaa watu wanne kwenye kibanda cha mabati. Mmoja alipaka anga, wa pili milima, wa tatu twiga, na wa nne alitia sahihi ya jina ambalo halikuwa la yeyote kati yetu. Mimi nilikuwa mtu wa milima. Mlima wenyewe sikuwahi kuukaribia, lakini theluji yake niliipaka mpaka nikawa naiota. Ndiyo sababu nakuwa mkali nikimwona mmoja wenu anachora kutoka kwenye simu akiwa ameupa mlima mgongo.

Amani iliposainiwa, nilirudi Juba pamoja na wengine wengi. Mji ulikuwa unaamka. Kila mtu alikuwa anafungua kitu, na kila kitu kilihitaji bango. Nikapata nafasi kwa Ssalongo, Mganda wa Masaka, baba wa mapacha, mwandishi wa mabango aliyekuwa na kibanda pale soko la Kastom. Bango langu la kwanza lilikuwa la mwenye hoteli ya chakula aliyetaka Jebel Kujur, mlima wetu huu, uonekane nyuma ya sahani ya samaki. Nikamchorea mlima mzuri, wenye ncha, na juu yake nikaupaka weupe kama mkono ulivyozoea. Mwenye hoteli aliutazama, akakuna kichwa. "Hii nyeupe ni nini?" akauliza. "Mlima unaungua?"

Ssalongo alicheka hadi akakaa chini. Halafu alinipa somo ambalo nimewapa ninyi bila kulipunguza. "Taban, mkono yako iko mzuri," alisema. "Lakini macho yako bado iko Nairobi. Kabla ya kuchora kitu, enda simama mbele yake. Ikikuchoma jua, vizuri. Inaonyesha uko hapo." Nilimwona mzee msumbufu. Ilinichukua miezi, na aibu kubwa, kumwelewa.

Aibu yenyewe ndiyo nataka kuwaambia.

Siku moja wapima ardhi walikuja kibandani wakitafuta mtu mwenye mkono wa haraka. Kulikuwa na barabara mpya itakayopita mtaa wa Hai Malakal, na nyumba zilizokuwa njiani zilipaswa kutiwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Wao wangetangulia na kamba zao za kupimia, mimi ningefuata na mkebe. Nikakubali. Sikuuliza kitu. Kazi ni kazi, nilijiambia, na kama si mimi ni mwingine. Tena nilizichora vizuri, wapendwa. Mistari sawa, ncha kali, rangi isiyochuruzika. Nilikuwa narudi nyuma hatua mbili kuiangalia X ya mtu na kuridhika nayo. Nikikumbuka hivyo, hata leo nahisi joto usoni.

Siku ya tatu tulifika kwenye boma la mama mmoja wa kabila la Bari, mwembamba, mrefu, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mboga ya kudra. Boma lilikuwa na nyumba moja ya matofali mabichi, tukul mbili, vile vibanda vya mviringo vya nyasi, na uzio wa matete ulioinama. Wapima ardhi walisema walichosema, wakapita. Mimi nikachovya brashi, nikatia X ukutani. Yule mama hakupiga kelele. Alingoja nimalize.

"Ita min wen, ya weledi?" aliniuliza. Wewe ni wa wapi, mwanangu. Kiarabu changu wakati huo kilikuwa cha kuokoteza, nikamjibu kwa Kiswahili kwamba mimi ni wa hapa ila nimelelewa Kenya. Naye akahamia Kiswahili, kile alichokipata utotoni akiwa mkimbizi Arua, wakati wa vita vyetu vya kwanza.

"Wewe nachora vizuri," alisema. "Hata alama ya kuvunja nyumba yangu, nachora vizuri. Weka mkebe. Kuja nikuonyeshe kitu."

Walimwita Mama Keji. Alinipeleka nyuma ya nyumba, na pale, karibu na ukuta, kulikuwa na kaburi la saruji, dogo, limepasuka pembeni, na jina Lado limeandikwa kwa msumari saruji ilipokuwa mbichi. Mnajua desturi yetu, mtu wa nyumbani huzikwa nyumbani. Lado alikuwa mume wake. Binti yao Keji alikuwa na miaka miwili baba yake alipofariki, na mwaka uleule shangazi alimchukua akampeleka Khartoum ili apone vita. Sasa Keji alikuwa mwanamke mzima na alikuwa anarudi kwa meli ya mtoni, pamoja na shangazi na vitanda vyao na mabati yao. Hakuna aliyejua meli ingefika mwezi gani. Barabara haikuwa na nia ya kuingoja.

Nilimuuliza kama hawawezi kuhamisha mifupa. Alitikisa kichwa. "Lado amekimbia vita mara nyingi. Hapa ndiyo amepata kulala. Mimi siwezi kuamsha yeye tena." Halafu akanielekezea kidole kifuani. "Kamera mimi sina, na ukileta kamera hapa askari nachukua. Lakini wewe iko na mkono. Umetia alama ukuta moja. Sasa chora nyumba yote, Keji akuje aone baba yake iko wapi."

Nilisema ndiyo haraka, kama mtu anayetaka kuondoka. Na niliondoka. Nikachora ile picha kibandani, mchana mmoja, kwa kumbukumbu. Nyinyi mnajua nilichora nini, maana mmeshanijua. Uzio niliunyoosha. Nyasi za tukul nikazifanya mpya. Nikaweka maua yenye rangi ya zambarau langoni, na kwa sababu mandhari bila maji ilikuwa haiuziki Nairobi, nikapitisha mto wa Nile nyuma ya nyumba. X sikuichora. Kaburi nalo nikaliacha, nikidhani picha ya kumpa binti haifai kuwa na kaburi.

Mama Keji aliishika ile picha kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akanirudishia.

"Hii nyumba ya nani?"

"Ni yako, Mama."

"Hapa mafi mto, hakuna. Mto iko mbali, mimi nabeba maji na kichwa, najua. Na Lado iko wapi? Wewe umezika yeye mahali gani?"

Nilidhani nilikuwa namfichia huzuni, kumbe nilikuwa naficha alama yangu mwenyewe. Akaniambia nije kesho saa moja asubuhi, nikae, niangalie. Hakunibembeleza. Aliniagiza kama anavyomwagiza mtoto aliyeharibu kazi, na mimi mtu mzima wa miaka thelathini na kitu nikaitika, "Ndiyo, Mama."

Siku hiyohiyo niliwarudishia wapima ardhi kazi yao. Ssalongo alinigombeza sana. "Wewe mjinga! Kazi inakuja na miguu yake, wewe nafukuza!" Lakini jioni, tukifunga kibanda, alinipa brashi yake pana ya madirisha na kipande cha plaiwudi alichokuwa amekiweka kwa ajili ya bango la duka la dawa. Na akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa mwalimu mwingine yeyote. "Picha iko na mahali ya kusimama. Kama mahali hiyo inavunjwa, picha inakufa. Wewe kaa mahali ambayo greda haifiki."

Ng'ambo ya njia, nje ya mstari wa wapima ardhi, kulikuwa na kanisa dogo la matofali lenye ngazi tatu. Nikakaa ngazi ya juu. Mbele yangu ilikuwa nyumba na X yake. Kutoka pale, pembeni ya nyumba, kaburi lilionekana lote. Nyuma ya boma, kwenye kiwanja cha jirani ambacho nacho kilikuwa nje ya mstari, ulisimama mwarobaini mkubwa. Na nyuma ya vyote, mbali, Jebel Kujur.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kazi ilipo. Asubuhi ya kwanza sikuchora chochote kwa saa nzima, kwa sababu Mama Keji alikataa. Alikuja akaketi ngazi ya chini, akaniuliza maswali. Dirisha na mlango, kipi kiko juu? Uzio umeinama upande gani? Nilikosea yote mawili nikiwa naangalia kwa macho yangu! Nikanyoosha mkono wote, kiwiko bila kukunja, nikafumba jicho moja, nikapima kila kitu kwa mpini wa brashi na ukucha wa kidole gumba. Nilichopima ndicho nilichoweka kwenye ubao, kwa ukubwa uleule, bila kukuza wala kupunguza. Mnaposema mzee anawasumbua na mambo ya kunyoosha mkono, kumbukeni kwamba mimi nilinyooshwa kwanza.

Rangi yetu ilikuwa ya mafuta, ya kupaka milango, na juani inashika ngozi mnapoongea. Changanya kidogo, mara nyingi, na uongeze mafuta ya taa tone moja moja. Funika mkebe kwa kitambaa chenye maji. Vumbi la bodaboda litakuja tu, usiligombeze, acha picha ikauke halafu ulipanguse kwa kitambaa kikavu. Ukilifuta mbichi umeshachora tope. Sisimizi hupenda gundi ya plaiwudi, kwa hiyo usiegemeze ubao kwenye udongo. Na mwanga wa Juba unakupa hadi saa tatu na nusu. Baada ya hapo vivuli vinaingia chini ya vitu vyenyewe na kila kitu kinakuwa bapa. Mkaidi anayeendelea hadi saa sita anachora kichwa kinachomuuma. Mimi nilikuwa mkaidi huyo asubuhi ya pili, nikatapika nyuma ya kanisa, na Mama Keji akanipa uji wa mtama akisema hataki kuwa na makaburi mawili.

Asubuhi ya tatu alikuja askari. Hili nalo ni la kazi yetu, maana miaka ile ukikaa mahali unaangalia nyumba na kuandika, wewe ni jasusi. "Ita gi amulu shunu?" alinikemea, unafanya nini, bunduki ikining'inia begani. Nilikosea nikauficha ubao kwa mgongo. Usifanye hivyo kamwe. Akaunyakua. Nikaiona picha inakwenda kambini na mimi nyuma yake. Mama Keji alivuka njia akiwa bado na mwiko mkononi, akamwambia kwa Kibari maneno ambayo sikuyaelewa, ila niliona mabega ya yule askari yakishuka. Akautazama ubao upya. Akaniuliza kwa nini sikumaliza paa. Nikamwambia nina asubuhi mbili zaidi.

"Huna," alisema. Alikuwa amepangwa kulinda mashine. "Greda inafika kesho, saa nne."

Siku ile sikuondoka saa tatu na nusu. Nilipumzika kivulini mchana, jioni nikarudi, nikafanya yale yasiyotegemea vivuli: mstari wa paa, matete ya uzio, shina la mwarobaini lilivyogawanyika. Kesho yake nilikuwa ngazini kabla jua halijatoka. Nilikuwa naogopa na nilikuwa na hasira, na vyote viwili vilinisaidia, maana sikupata nafasi ya kupamba. Kaburi nililipima mara tatu, kwa jinsi lilivyoonekana kutoka ngazini: chini ya ule mwarobaini wa nyuma, kushoto kwa shina upana wa ukucha. Mama Keji alilitazama akasema nimelisogeza karibu mno na ukuta. Nikapima tena. Alikuwa sahihi. Nikalikwangua kwa kisu nikaliweka mahali pake.

Saa tatu picha ilikuwa imekamilika, ila ukuta wa mbele ulikuwa mtupu. Mama Keji akagonga pale kwa kidole. "Tia na ile."

"Mama, si lazima..."

"Tia. Keji ataniuliza nani alivunja. Mimi sitaki kusema uongo."

Nikatia X. Ile kubwa ya ukutani ilikuwa na mistari sawa. Hii ndogo, ukiiangalia vizuri utaona mguu wake mmoja umepinda.

Greda ilifika saa nne kama askari alivyosema. Majirani walikuwa wametoa mabati na milango. Tulibeba vitanda, masufuria, mawe ya kusagia, tukavipakia kwenye mkokoteni, na Mama Keji akaenda zake Lemon Gaba alikopewa kiwanja, picha ikiwa imefungwa kwenye kitenge chake kizuri kuliko vyote. Hakulia mbele yetu. Mimi nililia, tena mbele ya Ssalongo aliyekuja kutusaidia kubeba, naye akanipa kitambaa chake cha kufutia brashi.

Miezi ilipita. Barabara ilijazwa moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, nyumba na kaburi vikabaki chini yake, ikashindiliwa, magari ya maji yakaanza kupita mbio kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu. Ndipo asubuhi moja bodaboda mbili zikasimama kibandani kwetu. Kwenye ya kwanza alikuwa Mama Keji na kile kitenge mapajani. Kwenye ya pili alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba kama yeye, aliyevaa toub, lile vazi refu la kujizungushia la Khartoum, na viatu visivyofaa kwa vumbi letu. Hakujua neno la Kiswahili. Alinisalimia kwa Kiarabu, akanitazama vidole.

Tulikwenda wote watatu Hai Malakal. Nikapanda ngazi ya juu ya kanisa, nikaketi palepale, nikanyoosha mkono nikiushika ubao, na nikafumba jicho moja. Nilikuwa na hofu kubwa kuliko siku ya askari. Kama nilidanganya popote, hata upana wa ukucha, huyu binti angelia juu ya moramu isiyokuwa na mtu. Nikausogeza ubao taratibu hadi mwarobaini wa picha ukashika mwarobaini wenyewe, na mgongo wa Jebel Kujur ukashika mgongo wake. Vikakaa. Ukingo wa chini wa ubao ulipita chini kidogo ya kaburi nililolichora, kwa hiyo pale ulipoikata barabara nilijua Keji asimame mbali kiasi gani. Nikampa Mama Keji ishara, naye akamwongoza binti yake kwa Kiarabu huku mimi nikielekeza kwa mkono. Kushoto. Mbele. Mbele tena. Nusu hatua nyuma.

"Hapo," nikasema.

Mama Keji alitazama mwarobaini, akatazama kanisa, akahesabu hatua kimoyomoyo, zile alizozitembea miaka yote aliyoishi pale. Akainamisha kichwa. Kaburi lilikuwa hapo. Keji akavua viatu, akapiga magoti katikati ya barabara, toub na yote, akaweka viganja viwili juu ya moramu. Akaanza kuongea na baba yake kwa sauti ya chini, mambo mengi, kama mtu aliyeyaweka akiba.

Hapo gari la maji likatokea upande wa Kastom, limejaa, likipiga honi. Niliuacha ubao ngazini, nikashuka mbio, nikasimama mbele yake, nikainua mikono yote miwili. Likafunga breki, vumbi likatufunika sote. Nyuma yake bodaboda zikasongamana, watu wakaanza kutukana. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Bwana, toka njiani! Kuna nini hapo?"

"Kuna baba yake," nikamwambia.

Dereva aliniangalia mimi, akamwangalia yule mwanamke aliyekuwa chini. Kisha akazima injini, na nyuma yake, moja baada ya nyingine, wote wakazima, tukasimama juani mpaka Keji alipomaliza.